Taa za Kuazima: Jinsi Matumbawe Yalivyoingia Sebuleni

Mpaka miaka ya 1980 inakaribia kwisha, karibu kila taa iliyomulika matumbawe ndani ya nyumba ya mtu ilikuwa imetengenezwa kwa kazi nyingine. Zilikuwapo tyubu za ofisini, taa za maduka ya nguo na za kumbi kubwa, na baadaye tyubu za bluu za mashine za kunakili ramani za majengo. Watu walizichukua walikozikuta, wakazining'iniza juu ya tangi la maji chumvi, kisha wakakaa kwenye kochi kutazama. Tumbawe likinawiri, taa ilisifiwa. Likifa, yalilaumiwa maji.

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, ninayefanya kazi Berlin. Miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa kung'oa taa za zamani madukani na kufunga za LED. Nikimaliza, mwenye duka huwa ananiambia nikavitupe vyote, nami huwa sivitupi, maana fundi aliyekulia Tanga hajui kutupa choki nzima, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa. Stoo yangu ya chini ya ardhi ikajaa choki, holda na riflekta za alumini. Waliokuja kuvinunua hawakuwa mafundi wenzangu. Walikuwa wazee wa Kijerumani wenye matangi ya matumbawe, na wao ndio walionisimulia kwa mara ya kwanza habari nitakazozieleza hapa. Nyingine nimezisoma katika majarida ya zamani waliyonipa badala ya hela.

Nilipomhadithia dada yangu kwa simu, aliniuliza, "Yaani kaka, huko watu wanalipa umeme kuyamulikia mawe?" Nikamwambia si mawe, ni wanyama. Akacheka, akanikumbusha kwamba nyumba ya bibi yetu imejengwa kwa wanyama hao hao. Na ni kweli. Nyumba za kale za pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, kuta zake ni matumbawe na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Sisi tumeyajua zaidi yakiwa yamekufa.

Wazungu wa kwanza kufuga viumbe wa baharini ndani ya vioo hawakuhitaji taa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba ya samaki yenye paa la kioo, na mtu aliyehusika sana na viumbe wake alikuwa Philip Henry Gosse, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu chake The Aquarium. Gosse alifuga hata matumbawe, lakini yalikuwa matumbawe madogo ya pwani ya Devon, ya maji ya baridi, kila moja likiishi peke yake bila ukoo. Matumbawe ya aina hiyo hula kwa kukamata vijidudu vinavyopita na hayana haja na jua. Jua lililopenya kwenye paa la kioo liliwaletea wafugaji hasara tu: maji yaligeuka kijani kama supu ya mchicha na vioo vikaota ukungu wa mwani. William Alford Lloyd, aliyesimamia akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa 1864 na baadaye ile ya Crystal Palace ya 1871, alipata dawa: hodhi kubwa la gizani, ambamo maji yalizungushwa mfululizo kutoka kwenye matangi ya maonyesho na kurudi. Kwa hiyo somo la kwanza la ufugaji huu lilikuwa kwamba mwanga ni adui, na somo hilo lilikaa vichwani mwa watu kwa vizazi kadhaa.

Tatizo ni kwamba matumbawe ya maji ya joto, haya ya Tanga, ya Bahari ya Shamu na ya Indonesia, yana mpangaji ndani ya mwili. Mwaka 1881 mtaalamu Karl Brandt, hapa hapa Berlin, aliziangalia chembe za rangi ya dhahabu na hudhurungi zilizomo ndani ya miili ya wanyama wa baharini, akaona kwamba ni mwani unaojitegemea, akaupa jina la Zooxanthella. Mwani huo hufanya kazi ambayo jani la muhogo hufanya shambani: hupokea mwanga, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenye nyumba. Ndiyo maana matumbawe ya mwamba hustawi kwenye maji safi yasiyo na chakula kingi, na ndiyo maana huwezi kuyakuta kilindini kusikofika jua.

Lakini kujua kwamba mwani umo ndani si sawa na kujua unafanya nini. Msafara wa kisayansi wa Waingereza ulioongozwa na Maurice Yonge ulikaa Low Isles, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, kuanzia 1928 hadi 1929. Walifungia matumbawe ndani ya masanduku yasiyopitisha mwanga. Matumbawe yalitapika mwani wake, yakabaki meupe, mengine yakaendelea kuishi yakila nyama. Yonge akahitimisha kwamba tumbawe ni mla nyama na kwamba halilishwi na mwani wake. Alikuwa mtu makini, na neno lake likasimama muda mrefu. Ushahidi wa wazi wa kinyume chake ulikuja 1958, Leonard Muscatine na Cadet Hand walipotumia kaboni yenye mionzi kufuatilia chakula kikihama kutoka kwa mwani hadi kwenye mwili wa anemoni, jamaa wa karibu wa tumbawe. Mwaka 1959 Thomas na Nora Goreau walionyesha kwamba tumbawe hujenga mifupa yake ya chokaa kwa kasi zaidi likiwa kwenye mwanga. Kwa hiyo kabla ya hapo, mtu aliyenunua taa ya tangi hakuwa na sababu ya kuuliza tumbawe linataka nini. Alinunua taa ili aone samaki.

Mtu wa kwanza kuwastaajabisha wafugaji wa dunia hakutumia taa kabisa. Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, aliandika katika jarida la Tropical Fish Hobbyist mwaka 1961 juu ya kile alichokiita mfumo wa asili: maji ya baharini, mawe hai yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe vyake, mapovu machache ya hewa, na jua. Matangi yake yalikuwa na matumbawe hai wakati ambapo Ulaya na Marekani tangi la maji chumvi lilipambwa kwa mifupa ya matumbawe iliyoloweshwa klorini ikawa myeupe. Waliomuiga huko kaskazini walishindwa, nami sishangai hata kidogo. Jakarta iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, karibu sawa na Zanzibar. Berlin mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na mara nyingi hata hayo masaa machache hulioni kwa mawingu. Mfumo wa Lee ulihitaji Jakarta yenyewe, na mtu wa kaskazini aliyeutaka ilimbidi atafute kitu cha kuwekwa mahali pa jua.

Kilichokuwapo ni tyubu. Kampuni ya General Electric ilianza kuziuza Marekani mwaka 1938, na baada ya vita zilienea kila ofisi na kila jikoni. Tyubu ya kizamani, nene ya milimita 38, ilikuwa na sifa tatu nzuri juu ya tangi: haichomi, haili umeme mwingi, na stata yake inapatikana duka lolote. Lakini mwanga wake ni hafifu na umetawanyika. Ukiinua tyubu sentimita chache tu juu ya maji, sehemu kubwa ya mwanga wake huishia ukutani. Peter Wilkens, ambaye kitabu chake cha 1973 juu ya viumbe wasio na uti wa mgongo kiliwafundisha Wajerumani wengi kufuga, alionyesha kwamba viumbe wengi wangeweza kuishi, hasa matumbawe laini, yale yasiyo na mifupa migumu. Haya hustahimili mwanga mdogo. Lipo moja linalouzwa kote Ulaya na Marekani kwa jina la mti wa Kenya, ambalo hukua hata chini ya taa ya kusomea. Lakini matumbawe magumu ya matawi, jamii ya Acropora, yale ambayo nikiwa mtoto tulionywa tusiyakanyage maji yakitoka, yalikufa moja baada ya jingine chini ya tyubu.

Hapo ndipo inapoingia taa ninayoijua kwa mikono yangu.

Mhandisi wa General Electric, Gilbert Reiling, aliomba hataza ya taa ya halaidi mwaka 1961, akaipata 1966. Ni ndugu wa taa ya zebaki ya barabarani, ila ndani yake wameongeza chumvi za madini zinazorekebisha rangi. Osram, kampuni ya Kijerumani, iliuza zake kwa jina la HQI. Ile iliyobadilisha historia ya matangi ni ndogo, ya wati 150, yenye ncha mbili: kijibomba cha kwatzi kirefu kidogo kuliko kiganja, kina kitone cha zebaki na punje za chumvi zinazoonekana kwa macho ukikiinua kwenye dirisha. Hukigusi kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huungua juu yake na kukitia doa, na doa hilo ndipo kitakapopasukia. Ukiwasha, kwanza unasikia kiwashio kikialika, halafu inatokea nuru ya zambarau yenye kuyumbayumba isiyofaa hata kusomea gazeti. Dakika moja, mbili, chumvi zinageuka mvuke, zambarau inaondoka, na chumba kizima kinakuwa cheupe. Choki yake ina uzito wa kilo kadhaa na inanguruma. Umeme ukikatika hata sekunde moja taa inazimika, wala hairudi mpaka ipoe, dakika kumi na zaidi. Fikiria taa hiyo Tanga.

Madukani zilitumika kwa sababu zinatoa mwanga mwingi kutoka kwenye kitu kidogo. Zile za maduka ya nguo nyingi zimeandikwa WDL, mwanga wa joto unaoipendezesha ngozi ya mnunuzi mbele ya kioo. Mfugaji wa matumbawe hazitaki hizo. Anatafuta herufi D, mwanga wa mchana, nyuzi kama 5,200 za Kelvini. Wazee wale walipokuja stoo walikuwa wakigeuza kila kijibomba mpaka waione hiyo D, kama watu wanaochagua maembe.

Berlin ya miaka ya 1980 ndiko taa hii ilikokutana na watu sahihi. Kundi la wafugaji wa huku, maarufu zaidi akiwa Dietrich Stüber, waliachana na vichujio vikubwa wakabaki na vitu vichache: mawe hai mengi, mashine ya kuengua uchafu kwa povu, maji ya chokaa, na HQI juu. Mtindo huo ukaitwa wa Berlin popote ulikokwenda. Ndani ya tangi la Stüber tumbawe la Acropora halikupona tu, lilikua mpaka likawa la kukatwa. Alikata vipande akawagawia wenzake, nao wakakata wakagawa, hadi vipande vya ukoo ule mmoja vikawa vimetapakaa katika nyumba za Ulaya. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu kuanzia hapo mtu aliweza kupata tumbawe gumu bila mwamba wowote kuvunjwa. Na lisingewezekana kwa tyubu.

HQI ilileta na matatizo yake. Kijibomba cha ncha mbili hakina kioo cha nje cha kuzuia miale ya urujuanimno, kwa hiyo kinaitoa. Waliovunja kioo cha mbele cha taa wakaamua kuendelea bila hicho walikuta matumbawe yao yameungua. Joto lilikuwa jingine. Nimewahi kuingia sebule moja mwezi wa Julai ambamo tangi lilikuwa na feni nne juu yake, na bibi mwenye nyumba alikuwa amehamia chumbani kwa sababu sebuleni hapakaliki. Kisha bili. Taa mbili za wati 250 zikiwaka saa kumi kwa siku hula uniti 5, yaani uniti 150 kwa mwezi, kabla hujahesabu zinazoliwa na choki. Kwa bei ya senti 35 za yuro kwa uniti, ni zaidi ya yuro 50 kila mwezi kwa ajili ya mwanga peke yake.

Wamarekani walichelewa kidogo, halafu wakaja kwa kishindo. Mwaka 1986 George Smit alichapisha katika jarida la Freshwater and Marine Aquarium mfululizo wa makala juu ya miamba midogo ya nyumbani kama ilivyofugwa Uholanzi, na nchi nzima ikataka. Wakajitungia kanuni ya kuchagulia taa: wati kadhaa kwa kila galoni ya maji. Kwa fundi umeme kanuni hiyo ni kituko. Wati ni umeme unaoliwa na taa, haikuambii mwanga kiasi gani umetoka, wala umeelekea wapi, wala rangi gani. Tangi refu la kwenda chini na tangi pana la kina kifupi huweza kuwa na galoni sawa, na tumbawe lililo chini katika lile refu likafa njaa. Lakini kanuni ilikuwa rahisi kukumbuka, na ilidumu miaka mingi.

Wakati huo huo wakagundua bluu. Maji ya bahari hunyonya kwanza mwanga mwekundu. Kadiri unavyozama ndivyo inavyobaki bluu, na mwani wa matumbawe umezoea kuitumia bluu hiyo. Philips walikuwa na tyubu yenye namba 03, iliyotoa mwanga kwenye nanomita 420 hivi, kati ya zambarau na bluu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kunakili ramani. Wafugaji wakaichanganya na tyubu nyeupe au na halaidi. Ilikuwepo pia namba 05, iliyotoa urujuanimno mwingi, na waliokosea namba dukani walirudi na taa isiyofaa kitu. Ila 03 ilileta jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: matumbawe yaling'aa. Kijani kama kalamu ya kupigia mistari, rangi ya chungwa, waridi. Rangi hizo ni protini zinazopokea bluu na kurudisha rangi nyingine. Mwaka 1999 kundi la Warusi, Mikhail Matz na wenzake, walizitoa protini za namna hiyo katika matumbawe na jamaa zake waliokuwa wakifugwa kwenye akwaria za Moscow, na ile nyekundu waliyoipata leo inatumika katika maabara dunia nzima kutilia alama chembe hai. Zawadi hiyo ya sayansi ilitoka moja kwa moja kwenye mapambo ya sebuleni.

Tangu wakati ule mgogoro ulikuwa wazi, na kwa maoni yangu haujaisha: taa inachaguliwa kwa jicho la mwenye tangi au kwa mahitaji ya tumbawe? Angalia miaka ya 1990. Iwasaki ya Japani ilikuwa na globu ya halaidi ya nyuzi 6,500 za Kelvini, ambayo matumbawe yaliipenda, yakakua haraka. Wenye matangi hawakuipenda, maana tangi lilionekana la njano na matumbawe ya hudhurungi. Wakaenda nyuzi 10,000, wakaenda 14,000, mpaka 20,000, ile ya Radium ya Ujerumani, ambayo chini yake kila kitu ni bluu kama uko mita nyingi chini ya maji. Kila hatua kwa jumla ilipunguza mwanga wenye faida kwa bili ile ile. Mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung walitoa juzuu ya kwanza ya The Reef Aquarium, kitabu kilichowaeleza wafugaji biolojia ya matumbawe kwa kina, lakini hata wasomaji wake waliendelea kununua kwa rangi.

Aliyeanza kuvunja mazoea hayo kwa namba alikuwa mfugaji aliyekuwa pia profesa wa uhandisi katika Penn State, Sanjay Joshi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 aliziwasha globu za kampuni mbalimbali, kila moja na choki mbalimbali, akapima zinatoa nini hasa. Yalitoka mambo ambayo fundi yeyote angeyatazamia lakini hakuna aliyekuwa ameyaandika: globu ile ile hubadilika ikibadilishiwa choki, na namba za Kelvini kwenye boksi si za kutegemewa. Kipimo alichokitumia kinahesabu chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru, kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la utosi la kitropiki hufika kama 2,000 juu ya maji. Acropora ndani ya nyumba huridhika na 250 hadi 400, na matumbawe laini na 50 hadi 150. Namba hizo zinaonyesha kwamba hakuna anayehitaji kulihamisha jua lote la Tanga sebuleni.

Juu ya tyubu nyembamba za T5, milimita 16, sina mengi. Zilikuja Ulaya katikati ya miaka ya 1990, na kila moja ikipewa riflekta yake zilitoa mwanga mwingi, uliosambaa sawasawa, wenye vivuli vichache. Wapo wafugaji wanaoapa hadi leo kwamba hakuna kilichozishinda. Kosa lake kwangu ni kwamba tangi linaonekana limekufa, kwa sababu ule mchezo wa mwanga sakafuni, mistari inayokimbizana kama chini ya ngalawa saa sita mchana, hutokea tu pale mwanga unapotoka kwenye kitu kidogo kama halaidi.

Au kama LED. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilikuwapo tangu 1962, lakini bila bluu haikuwa na maana kwa matumbawe wala kwa mtu yeyote aliyetaka mwanga mweupe. Mwaka 1993 kampuni ya Nichia ya Japani ilitangaza LED ya bluu yenye nguvu, kazi ya Shuji Nakamura, ambaye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Mwaka 2006 PFO Lighting ya Marekani ilitoa Solaris, moja ya taa za kwanza za LED za matangi ya matumbawe. Kampuni nyingine, Orbitec, iliyokuwa imefanya kazi ya taa za kuoteshea mimea angani, ilipata mwaka 2007 hataza juu ya kumulika viumbe wa majini kwa LED, kesi ikafunguliwa, na Solaris ikatoweka sokoni. Biashara ikasitasita miaka kadhaa. Mwaka 2011 kampuni ya EcoTech ikatoa taa ya LED iitwayo Radion, na baada ya hapo stoo yangu ikaanza kupokea choki kutoka kwa wazee wale wale waliokuwa wakizinunua.

Ndipo wengi wakaua matumbawe yao. Walitoka kwenye halaidi ya wati 250, wakafunga LED, wakatazama, wakaona giza. Wakapandisha mpaka mwisho. Jicho la binadamu linaona vizuri zaidi kijani, karibu na nanomita 555, na bluu linaiona kwa shida. Tangi lililoonekana hafifu lilikuwa linapokea mwanga mwingi kuliko lilivyowahi kupata, na matumbawe yakatapika mwani wake na kuwa meupe, kama yalivyofanya kwenye masanduku ya Yonge, safari hii kwa shibe. Watu wa pwani yetu waliuona weupe huo mwaka 1998, bahari ilipopata joto na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikafa. Bahari ikipata joto kupita kiasi, hata mwanga wa kawaida wa jua huwa mwingi mno kwa mwani ule.

Tyubu sasa zinaondoka kwa sheria. Umoja wa Ulaya umezuia tyubu za kawaida, zikiwamo T5, kuingizwa sokoni tangu Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki, na mwaka huo huo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuzimaliza duniani kufikia 2027. Nchi za Afrika ndizo zilizopeleka hoja hiyo ya kuziondoa taa za zebaki, na nilipoisoma nilifurahi, kwa kuwa taa mbovu za huku kwa miaka mingi zimekuwa zikiishia kwenye majalala ya kwetu.

Ukiniuliza leo ununue nini, nitakuambia LED, wala sitabishana na mtu juu ya jina la kampuni. Kabla ya kutoa hela, jua unafuga nini na utaliweka kina gani. Ikifungwa, ianzie chini, theluthi ya nguvu yake, uipandishe kwa wiki kadhaa, na isizidi saa kumi kwa siku. Usiamini macho yako. Tafuta mita ya mikromoli, uizamishe pale pale tumbawe linapokaa, usome namba. Na tumbawe lenyewe chukua kipande kilichokatwa kwenye tangi la mfugaji mwingine, wala usimtume mtu mwambani, awe wa Tanga au wa Jakarta. Mita mpya ni ghali, lakini vyama vingi vya wafugaji vinayo moja na huwaazima wanachama, kwa hiyo ulizia kwanza.